Mguu Usiosema Sijambo

Ilikuja kwenye kichupa kidogo kuliko cha wanja,
unga mweusi, na Mkude akaapa tumeuziwa masizi.
"Kwa bei hii ningewakwangulia sufuria zote za Temeke
na chenji ningewarudishia."
Nikamwambia afunge mlango, azime feni, asipige chafya.
Ni mirija hiyo, Mkude. Mirija ya kaboni.
Unywele wako mmoja uuchane mara elfu kumi
ndipo ukaribie wembamba wa mmoja wao.

Tukaikoroga kwenye resini siku nzima,
maana ikiachwa hujikunyata mabonge
kama uji wa mtu mwenye haraka.
Umeme ukakatika saa tisa, ukarudi magharibi;
tukamwaga, tukaanza upya.
Kisha nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka,
na kila tabaka tukalinywesha ule weusi
ili mirija ishikane mikono pale nyuzi zisipofikiana.
Nyuzi hubeba mzigo, gundi hubeba lawama,
na ufa huanzia kwenye gundi.

Mwenye mguu anaitwa Zamoyoni.
Jina alipewa na bibi yake, huko Maneromango,
naye amelitendea haki.
Lori lilimkuta Barabara ya Mandela, mwaka wa mvua nyingi;
hilo nililisoma kwenye faili, si kinywani mwake.
Kigutu kimechubuka, damu imegandia kwenye soksi,
naye: sijambo, mwanangu, wewe hujambo?

Nimeliwaza sana neno hilo.
Tunalitundika mlangoni kama pazia
na mgeni mwenye adabu halifunui.

Mguu wake wa kwanza ulikuwa na adabu hizo hizo.
Ulinyamaza miezi kumi na minne, uking'aa,
halafu ukakatika sokoni Tandika, saa nne asubuhi.
Akaangukia nyanya za watu. Akazilipa.
Wahenga walituusia kuziba ufa.
Hawakusema ufa usio na sura unazibwaje,
ule uliojilaza kati ya tabaka la tatu na la nne,
juu yake rangi mpya.

Huu wa pili una nyaya mbili karibu na kifundo.
Nikachomeka mita, nikamwambia asimame.
Omu mia nne na kumi na mbili.
Akikanyaga, namba hupanda: mirija imevutwa,
mikono imeachana kidogo.
Akinyanyua, hushuka.
Tulikaa tukiitazama, sisi watatu,
kama watu wanaomtazama mtoto mchanga akipumua usingizini.

Alirudi baada ya miezi mitano.
"Hujambo, Bi Zamoyoni?"
"Sijambo."
"Na mguu?"
"Hatujambo sote wawili," akacheka.
Mia nne thelathini na moja,
na amekaa, hajakanyaga kitu.
Nikazima, nikawasha. Thelathini na moja.
Kuna mikono humo ndani imeachana na haijarudiana.

Sikusema neno. Niligeuza mita, nikamwonyesha.
Omu hazijui, lakini namba anazijua,
anauza vitenge kwa mkopo.
Akaitazama kama daftari la deni
lililosomwa mbele za watu.
"Ni maji," akasema hatimaye.
"Bomba limekauka tangu Mfungo Mosi.
Nabeba ndoo mpaka ghorofa ya tatu. Mbili mbili."

Nikaandika. Tabaka litafunguliwa, resini itaingizwa kwa sindano,
wiki moja, asibebe kitu. Nilikuwa bado naandika.

"Na usiku unauma," akasema.
"Si huo. Ule mwingine.
Ule usiokuwepo. Vidole vyake."

Mkude akaacha kupiga msasa.
Fomu yangu ina kisanduku cha mguu wa kulia,
na kalamu ilikuwa juu yake.
Nikachomoa nyaya.
Nikavuta kigoda.